Nusumaisha kwa Punje za Mahindi: Mwongozo Kamili wa Zoezi Linalogoma Darasani

Kila mwaka nikifika mada ya unururifu, yaani viini vya atomi kuvunjika vyenyewe na kutoa mionzi, kuna mkono unanyooshwa nyuma ya darasa: "Mwalimu, kama nusu inavunjika kwa siku 8, si ina maana siku 16 yote imekwisha?" Anayeuliza si mzembe. Nusu na nusu ni nzima, hesabu hiyo anaijua tangu darasa la tatu. Maana ya nusumaisha, muda ambao nusu ya viini huvunjika, anayo daftarini, ameikariri neno kwa neno, na bado haijamwingia.

Dawa yake ni zoezi la kurusha na kuhesabu. Walimu wengi tunalijua, na wengi tumelitupa baada ya majibu kukataa. Unarusha sarafu 20, zinabaki 13. Unarusha tena, zinabaki 4. Grafu inakuwa kama ngazi iliyovunjika, darasa linacheka, unafuta ubao na kuandika 20, 10, 5 ili kipindi kiishe salama. Nimeyafanya hayo mwenyewe miaka miwili mfululizo. Sarafu hazikuwa na kosa. Zilikuwa chache mno, nami nilitaka zitii kitabu.

Njia ninayoitumia sasa ni ya punje za mahindi. Inahitaji vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80.

## Vifaa

Kwa kila kikundi cha wanafunzi 4:

- punje 200 za mahindi makavu, bapa na nzima
- maharage 200, ya aina yoyote
- kalamu ya maka, nyeusi au ya bluu
- boksi la viatu lenye mfuniko
- chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, iliyokatwa shingo
- karatasi ya grafu, penseli, rula na ufutio

Robo kilo ya mahindi hutosha vikundi vitatu, lakini nunua nusu kilo kwa sababu punje nyingi zitakataliwa. Wenye sarafu au vizibo vya soda vya kutosha wanaweza kuvitumia, ila ni nadra darasa la watu 60 kukusanya sarafu 200 na zote zikarudi kwa wenyewe.

Tahadhari: tumia mahindi ya sokoni, yale ya kusaga. Usitumie mbegu kutoka duka la pembejeo. Zile zenye rangi nyekundu, waridi au kijani zimetiwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, na hapa wanafunzi watazishika kwa saa nzima, wengine wakiwa wanakula vidole.

## Hatua ya 1: Chambua punje na kuzitia alama

Chukua punje iliyotoka katikati ya gunzi uigeuzegeuze kiganjani. Upande mmoja ni laini na unang'aa. Upande wa pili una kidimbwi cheupe chenye umbo la yai, kimebonyea kidogo kuelekea kwenye ncha. Hicho ndicho kiini cha punje, kile kinachochipua ukiipanda. Lugha yetu imetusaidia bila kuombwa: kitu tunachotaka kukiiga, kile cha katikati ya atomi, nacho kinaitwa kiini.

Weka nukta moja ya maka juu ya kidimbwi hicho. Gawaneni punje 50 kila mmoja, kazi itaisha kwa dakika tano au sita. Acheni wino ukauke kabla ya kuzichanganya.

Zikataeni punje za mviringo, zile zinazotoka kwenye ncha na kitako cha gunzi. Zinabingirika na haziketi. Zikataeni pia zilizotobolewa na wadudu.

Kwa nini alama ikae upande uleule kwa punje zote? Kwa sababu viini vyote vya isotopu moja, yaani aina moja ya atomi kama iodini-131, vina uwezekano ule ule wa kuvunjika. Punje haina umbo sawa pande zote mbili, kwa hiyo huenda ikapenda upande mmoja zaidi. Ukitia alama huku na kule, utakuwa umechanganya isotopu mbili kwenye boksi moja bila kujua.

Mmefaulu kama: mnamwaga punje zote mezani, na kila moja ni rahisi kusema ina nukta juu au haina.

## Hatua ya 2: Zipimeni kabla ya kuziamini

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoua zoezi. Tunawaambia wanafunzi "uwezekano ni nusu" kana kwamba punje zimetuahidi.

Weka punje zote 200 kwenye boksi, funika, tikisa kwa sekunde kumi. Fungua, hesabu zenye nukta juu, andika. Usitoe hata moja. Rudia mara tatu, kisha jumlisha.

Kati ya 600, jumla ikiwa popote kati ya 275 na 325, chukulia kwamba uwezekano ni nusu, endelea. Ikiwa nje ya hapo, usizitupe punje, zina tabia yao tu. Tuseme umepata 240. Uwezekano wa kuvunjika kwa mtikiso mmoja ni 240 kwa 600, yaani 0.4. Nusumaisha yake inapatikana kwa kugawa logi ya 0.5 kwa logi ya 0.6, ambayo ni mitikiso 1.4 hivi. Ni isotopu halali kabisa, inavunjika polepole kidogo kuliko ya jirani.

## Hatua ya 3: Kila mtu aandike utabiri wake

Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi aandike kwa kalamu, asitumie penseli: *Itachukua mitikiso mingapi hadi punje zote 200 ziishe?*

Wengi huandika 2. Waache. Usisahihishe, usitabasamu.

## Hatua ya 4: Tikisa, toa, hesabu

Kanuni ni moja: punje yenye nukta juu imevunjika. Inatoka kwenye boksi na hairudi. Isiyo na nukta bado iko hai, inabaki kwa mtikiso unaofuata.

Gawaneni kazi: mmoja anatikisa, mmoja anatoa, mmoja anahesabu zilizobaki, mmoja anaandika.

1. Tikisa sekunde kumi, boksi likiwa limefunikwa. Liinue na ulishushe, usilisukume kulia na kushoto tu. Punje zikiteleza bila kupinduka, zile zilizolala kifudifudi zitaendelea kulala hivyo hivyo.
2. Fungua. Punje zilizopandana zitenganishe kwa ncha ya penseli bila kuzipindua. Iliyosimama ubavu iachwe pembeni, irushwe peke yake hadi ikae.
3. Toa zote zenye nukta juu. Kwa kila punje unayoitoa, tia haragwe moja kwenye chupa.
4. Hesabu punje zilizobaki kwenye boksi. Andika.
5. Rudia hadi boksi liwe tupu.

Maharage yana kazi mbili. Kwanza, wanafunzi wengi hudhani atomi ikivunjika inatoweka. Haitoweki, inageuka kuwa kitu kingine: iodini-131 huwa zenoni, kobalti-60 huwa nikeli. Mahindi yamekuwa maharage, na chupa inajaa mbele ya macho yao kadiri boksi linavyopungua. Pili, ni ukaguzi wa hesabu. Punje za kwenye boksi ukijumlisha na maharage ya kwenye chupa lazima zifike 200 kila baada ya mtikiso. Zikiwa 197, kuna punje iko chini ya dawati.

(Ukifanyia nje, chini ya mwembe, funga geti. Kuku mmoja alishawahi kunivunjia atomi 11 kwa mtikiso mmoja.)

Haya hapa ni matokeo ya kikundi kimoja darasani kwangu, bila kurembwa:

| Mtikiso | Zilizobaki | Zilizovunjika |
|---|---|---|
| 0 | 200 | – |
| 1 | 93 | 107 |
| 2 | 49 | 44 |
| 3 | 22 | 27 |
| 4 | 13 | 9 |
| 5 | 5 | 8 |
| 6 | 3 | 2 |
| 7 | 3 | 0 |
| 8 | 1 | 2 |
| 9 | 0 | 1 |

Utazame mtikiso wa 7. Zilikuwa 3, zikabaki 3. Hakuna aliyekosea. Vijana walitaka kuurudia "kwa sababu haukufanya kazi", nikawazuia. Punje haijui kwamba imeshatikiswa mara sita, wala haichoki, wala haina zamu. Uwezekano wake mtikiso wa 7 ni ule ule wa mtikiso wa 1, na hivyo ndivyo kiini cha atomi kilivyo. Kilichodumu miaka elfu kumi hakina uzee wowote kuliko cha jana.

Tahadhari kubwa kuliko zote: chunga vidole. Nilimwona kijana mmoja akiigeuza punje kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, macho yakiwa kwangu. Alikuwa na 47 na alitaka 50. Watoto wetu wamezoea kwamba jibu la kitabu ndilo sahihi, na macho yao yanapotofautiana na kitabu, macho ndiyo yenye makosa. Waambie mapema: punje 200 zikitikiswa mara moja, kubaki kokote kati ya 86 na 114 ni kawaida kabisa. Kikundi kinacholeta 100, 50, 25 kamili ndicho nitakachokikagua kwanza.

Mmefaulu kama: mitikiso imefika kati ya 7 na 12. Hapo sasa waambie wafungue utabiri wao wa Hatua ya 3.

## Hatua ya 5: Chora grafu

Mhimili wa chini ni idadi ya mitikiso, sentimita 1 kwa mtikiso 1. Mhimili wa wima ni punje zilizobaki, sentimita 1 kwa punje 10.

Makosa ni matatu, na nimeyaona kwenye kila darasa.

La kwanza ni kuanzia mtikiso wa 1. Nukta ya mwanzo ni (0, 200). Kabla hujatikisa, punje zote ziko hai. Ukiiacha nukta hiyo, umeikata grafu kichwa, na nusumaisha ya kwanza haitapimika.

La pili ni kuunganisha nukta kwa rula, moja hadi nyingine. Chora mkunjo mmoja laini unaopita katikati ya nukta, nyingine zikibaki juu yake na nyingine chini. Geuza karatasi ili kiganja kiwe ndani ya mkunjo, mkono utakwenda wenyewe.

La tatu ni kuulazimisha mkunjo uguse mhimili wa chini. Ulalie tu karibu yake. Punje 200 zinaisha kwa kuwa ni 200. Gramu 1 ya kaboni ina atomi nyingi kiasi cha 5 ikifuatwa na sifuri 22, hizo haziishi kwa mitikiso tisa.

## Hatua ya 6: Soma nusumaisha kwenye mkunjo

Toka 200, nenda nusu yake, 100. Chora mstari mlalo kutoka 100 hadi uguse mkunjo, kisha shuka wima hadi mhimili wa chini. Soma namba. Hiyo ni nusumaisha.

Usiishie hapo. Anzia mahali pengine, 160 kwa mfano. Soma mkunjo unakatwa wapi kwenye 160 na wapi kwenye 80, toa ya kwanza kwenye ya pili. Rudia kwa 120 na 60. Majibu matatu yatakaribiana.

Mwambie yule aliyeuliza kuhusu siku 16 aje ubaoni afanye hivi mwenyewe. Kutoka 200 hadi 100 ni hatua moja, kutoka 100 hadi 50 ni hatua yenye upana ule ule, ingawa zilizovunjika ni nusu ya zile za mwanzo. Inayokatwa kila mara ni nusu ya *kilichobaki*, hairudi kwenye kile cha mwanzo. Kuna sauti fulani mwanafunzi huitoa akielewa, kama anayeguna. Iwapo hukuisikia, rudia na 80 na 40.

Usitumie sehemu ya chini ya punje 10. Hapo bahati ina nguvu kuliko mkunjo.

Mmefaulu kama: mna mtikiso 1, au karibu sana, kwa punje zenye uwezekano wa nusu, na vipimo vitatu havipishani kwa zaidi ya 0.3 hivi.

## Hatua ya 7: Unganisha vikundi vyote

Chora jedwali ubaoni. Kila kikundi kitaje punje zake zilizobaki baada ya mtikiso wa 1, wa 2, na kuendelea. Jumlisha.

Vikundi 8 vina punje 1,600. Baada ya mtikiso mmoja unatarajia 800, na mara nyingi jumla itaangukia kati ya 760 na 840. Kikundi kimoja kinaweza kukosea kwa asilimia 14 na kikawa hakijafanya baya lolote, darasa zima linapotoka kwa asilimia 5 tu. Grafu ya jumla itakuwa mkunjo laini mbele yao, ile mikwaruzo ikajifuta yenyewe. Kwa sarafu zangu 20, kubaki 6 au kubaki 14 yote yalikuwa ya kawaida, na ndiyo maana nilikuwa nachekwa.

## Hatua ya 8: Badilisha isotopu

Kama muda upo, fanya raundi ya pili kwa kanuni ngumu zaidi. Punje zenye nukta juu zisitoke moja kwa moja. Zikusanye, zitikise peke yake mara moja. Zitakazoonyesha nukta tena ndizo zilizovunjika. Nyingine zirudi kwenye boksi. Yote hayo ni mtikiso mmoja.

Uwezekano sasa ni robo, na nusumaisha inapanda hadi mitikiso 2.4 hivi. Wenye dadu wanaweza kutoa zile zinazoonyesha 6 tu, nusumaisha itakuwa 3.8. Chora mikunjo yote kwenye karatasi moja: umbo ni lile lile, upana ndio unaotofautiana.

## Hatua ya 9: Toka kwenye boksi

Mtikiso mmoja ni muda gani? Ni nusumaisha moja ya isotopu utakayoichagua, kama punje zako zina uwezekano wa nusu.

- Teknetiamu-99m, inayotumika hospitalini kupiga picha za viungo vya ndani: saa 6. Siku moja ni mitikiso minne, inabaki moja ya kumi na sita.
- Iodini-131, inayotibu tezi ya shingo: siku 8. Siku 16 ni mitikiso miwili, inabaki robo.
- Kobalti-60 ya mashine za kutibu saratani: miaka 5.3 hivi. Chanzo kikizeeka, mgonjwa hulazwa chini ya mashine muda mrefu zaidi ili apate dozi ile ile, hadi chanzo kibadilishwe.
- Kaboni-14: miaka 5,730.

Hapa ninapenda kuwapa swali moja. Fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Je, kaboni-14 ingetumika kulipima? Gawanya 1,750,000 kwa 5,730, unapata mitikiso 305. Waliomaliza punje 200 kwa mitikiso tisa wanajibu kabla hujanyamaza. Hata Dunia nzima ingekuwa ya kaboni-14 tupu, baada ya mitikiso 305 isingebaki atomi hata moja. Ndiyo maana wataalamu walikwenda kwenye tabaka la majivu ya volkano na kupima potasiamu-40, yenye nusumaisha ya miaka bilioni 1.25, ambayo sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya agoni na kunaswa ndani ya mwamba. Kwa lugha yetu ya leo, walihesabu maharage kwenye chupa.

Na waonye kuhusu kasoro za mfano wenyewe. Punje zinavunjika pale tu unapotikisa, kiini halisi hakisubiri mtu, kinaweza kuvunjika dakika yoyote. Kutikisa boksi kwa nguvu huzichanganya punje vizuri zaidi, lakini ukichemsha, ukigandisha au ukiponda kobalti-60, nusumaisha yake haibadiliki. Tena punje haitoi mionzi, kwa hiyo zoezi halisemi chochote kuhusu alfa, beta na gama. Hata hivyo ile safu ya tatu ya jedwali, 107, 44, 27, ndiyo inayofanana na mlio wa kaunta ya Geiger, kile kifaa cha kugundua mionzi: inasikia zinazovunjika, zilizobaki kimya haizisikii.

## Baada ya kipindi

Punje zenye wino zisipikwe wala zisimwagiwe kuku. Zihesabu hadi 200, zitie kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na majivu makavu kidogo, maana dumuzi hawaheshimu fizikia. Mwakani utakapozitoa, zipepete, ondoa zilizotobolewa, ujazie mpya, kisha rudia Hatua ya 2 kabla ya kuanza. Punje yenye tundu ni nyepesi upande mmoja, na haitaangukia kama mwaka huu.